Mwalimu wetu wa Kilimo anastaafu: tunaomba mrithi wake aje kabla ya mvua

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI. Na Waziri wa Kilimo.

YAH: KUMPATA MWALIMU WA KILIMO KABLA ALIYEPO HAJAONDOKA

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mkulima na mzazi katika wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma. Mwalimu wa Kilimo wa shule yetu ya sekondari ya kata anatimiza miaka 60 mwakani, na sheria inamtaka astaafu. Hatuji kuomba aongezewe muda. Kazi aliyoifanya inatosha, na mapumziko ni haki yake. Tunachoomba ni kwamba atakayempokea aletwe mwalimu huyu angali kazini, walime pamoja msimu mmoja mzima, tangu kuandaa shamba mwezi Oktoba hadi mahindi yanapoingia ghalani mwezi Julai.

Najua ombi hili si la kawaida. Tulivyozoea, mwalimu huondoka kwanza, pengo likaonekana, ndipo mwingine akatafutwa. Kwa masomo mengine pengo hilo huzibika kwa vitabu na madaftari ya wanafunzi waliotangulia. Kwa Kilimo halizibiki hivyo, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Mwalimu huyu alipopangiwa kwetu, shule ilikuwa changa, imejengwa kwa nguvu za wananchi wakati ule kila kata ilipohimizwa kuwa na sekondari yake. Shamba la shule lilikuwa ekari nne za mteremko uliokatwakatwa na makorongo. Historia ya ardhi ya Kondoa mnaijua. Mmomonyoko ulifika mahali ambapo mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wazee walioswaga ng'ombe wao kwenda ugenini bado wanasimulia kwa uchungu, na wazee hao hao watakuonyesha vilima vilivyorudisha miti na kukiri kwamba kazi ilifanyika. Mradi ulipokwisha, kutunza makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo, kukabaki juu ya mtu na moyo wake. Wengine waliyatunza, wengine waliyalima yakaisha.

Basi mwalimu alianzia hapo. Kabla ya kuzungumzia mbegu wala mbolea, aliwafundisha watoto kutengeneza fremu ya A: miti miwili imefungwa juu, mti wa tatu umepita katikati, kamba inaning'inia na jiwe mwishoni. Kwa kifaa hicho kisichogharimu hata shilingi, mtoto wa Kidato cha Pili anaweza kupima mteremko na kupigilia vigingi mahali pa kuchimba kinga maji. Watoto walipima shamba la shule, wakachimba, wakapanda matete kwenye kingo. Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyeliagiza. Likizo ilipofika, fremu zile zilianza kuonekana katika mashamba ya wazazi. Mimi mwenyewe nililikuta shamba langu limepigiliwa vigingi na binti yangu, na kamba aliyotumia ilikuwa ya kufungia mbuzi. Kinga maji ile ipo mpaka leo na matete yake nalisha mifugo.

Katika sehemu kame zaidi ya shamba la shule walichimba mashimo ya Chololo, yale yaliyopewa jina la kijiji kilichoko Dodoma huko huko: shimo la kina cha futi moja, samadi kiasi chini, mtama au uwele ndani, maji ya mvua ya kwanza yanabaki humo badala ya kukimbilia korongoni. Wazazi wengi hawakuamini. Mwalimu hakubishana na mtu. Alipanda mistari ya mashimo, na pembeni yake akapanda mistari kwa namna tuliyozoea, akaacha mvua iseme. Shamba la shule liko kando ya njia ya kwendea mnadani, kwa hiyo kila mpita njia aliona pande zote mbili. Mwaka ambao mvua ilikatika Februari, watu walisimama pale bila kuitwa.

Lakini kama ningeambiwa nitaje jambo moja tu, ningetaja sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka.

Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Matumbo yalijaa, macho yalikuwa ya njano, watu walitapika, na watoto waliondoka haraka kuliko wakubwa. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba ni sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Watu wasiopungua 68 waliugua na takriban 20 walifariki. Wenzetu wa Makueni na Kitui, Kenya, walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo mwaka 2004, wakazika watu 125. Ninyi mlitoa matangazo, wataalamu wakaja, mahindi yakapimwa, na tunashukuru. Ila tangazo la redio lilisema "kausheni vizuri mazao yenu", nasi tulikuwa na hakika kwamba tunakausha vizuri. Kila nyumba ilianika. Kila mama alijua kuuma punje kwa jino na kusikia inavyopasuka. Sumu hii haionekani, haina harufu inayoweza kukuonya, na kuipika hakuiondoi. Mtu atajuaje?

Mwalimu wetu aliingia darasani na chupa ya soda, kikombe cha mahindi na chumvi ya jikoni. Aliwaonyesha watoto hivi: chupa iwe kavu kabisa ndani, chumvi nayo iwe kavu. Jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, ziba, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu mwingi, hayafai kuwekwa ghalani. Chumvi ikishuka yote chini, yanakaribia, na ukitaka usalama zaidi ongeza siku ya jua. Basi. Aliwatuma kila mmoja akapime mahindi ya nyumbani na kuleta jibu Jumatatu.

Jirani yangu ni bibi aliyelea wajukuu baada ya binti yake kufariki. Mjukuu wake alirudi na chupa, akapima, chumvi ikaganda.

"Bibi, bado hayajakauka."

"Nimeyaanika juma zima, unaniambia bado? Mahindi nimeanza kuanika kabla mama yako hajazaliwa."

"Bibi, tazama mwenyewe. Chumvi imeshika."

Bibi alitazama, hakusema kitu, na mahindi akayamwaga kwenye gunia vile vile. Mjukuu alipeleka jibu hilo shuleni kama lilivyo. Jioni mwalimu akaja kwa miguu. Alisema shikamoo, akakaribishwa kwenye mkeka, akauliza hali za nyumbani, akasaidia kuchambua mboga. Suala la mahindi hakulianzisha yeye, alilianzisha bibi. Ndipo mwalimu akasema, "Mama, wewe unajua kuanika kuliko mimi. Ila unaanika chini kwenye udongo, na kuvu huyu makao yake ni udongo. Mahindi yananyonya unyevu wa usiku kutoka chini." Kesho yake yale mahindi yalitolewa guniani yakaanikwa juu ya turubai lililoazimwa shuleni. Tangu hapo bibi ndiye aliyewatangazia wenzake kwenye kikundi cha kina mama kwamba kupiga magunzi kwa fimbo kunapasua punje, na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu. Anaitunza chupa yake kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Waheshimiwa, hebu litafakarini hilo. Ujumbe ulikuwa ule ule wa redioni. Uliingia nyumba ile kwa sababu ulibebwa na mtoto wa nyumba ile, na kwa sababu mtoto alikuwa na mwalimu ambaye bibi anamfahamu, anayenunua nyanya genge moja naye, aliyekuja kwenye msiba wa binti yake. Leo mahindi mengi ya kijiji chetu yanachambuliwa kabla ya kuhifadhiwa, na wenye uwezo wananunua mifuko ile yenye nailoni mbili ndani, inayobana hewa hata dumuzi akafa bila dawa. Sina takwimu ya kuwapa. Ninachojua ni nyumba ninazoingia na ghala ninazoziona.

Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wanafunzi wa mwalimu ndio waliotutangulia kuwatambua, kwa sababu walikuwa wamezoea kukagua mimea asubuhi na daftari mkononi. Walituonyesha mayai chini ya jani, wakatufundisha kuyaponda na kutia majivu kwenye moyo wa mmea ukiwa bado mdogo. Hatukuokoa yote. Tuliokoa chakula.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani huko ofisini halionekani, nalo ni kalenda. Kwetu mvua ni za msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa Januari. Maana yake ni kwamba mvua ya kupandia inanyesha wanafunzi wakiwa nyumbani. Kidato cha Nne, ambao ndio wenye uzoefu, wamemaliza mtihani Novemba na wameondoka kabisa. Mavuno nayo yanaangukia likizo ya Juni. Kwa hiyo mwalimu wa Kilimo anayefuata ratiba ya shule kama ilivyoandikwa hapandi na havuni. Anafundisha palizi.

Huyu wetu miaka yote Desemba amebaki. Kwao ni mbali, wazazi wake walikuwa hai, watoto wake walitamani kwenda kwa babu kama wenzao. Alibaki kwa sababu mvua haimsubiri mtu. Aliwapanga wanafunzi wa vijiji vya karibu kwa zamu, wazazi tukakubaliana kuleta maksai kwa zamu pia, na shamba likapandwa ndani ya siku chache za mvua ya kwanza. Hakuna aliyemlipa likizo hizo. Hakuna fungu lake. Sisi tulimpelekea kuku na unga, naye mara nyingi unga aliupeleka jikoni kwa shule. Nasema haya si kumsifu tu. Nasema kwa sababu mwalimu mpya akija Januari, kama ilivyo kawaida ya kuripoti, atakuta msimu umempita, na hakuna kitabu kitakachomwambia kwamba alipaswa kuwa shambani Desemba.

Kuna jambo jingine alilolisimamia peke yake kwa muda mrefu. Katika shule yetu hakuna mwanafunzi anayepelekwa shambani kama adhabu. Aliyechelewa namba, aliyepiga kelele, aliyekosa sare, wote hao waadhibiwe kwingine. Walimu wenzake mwanzoni walimwona mkaidi. Yeye alisema mtoto ukimfundisha kwamba jembe ni adhabu, utamlazimisha aishi maisha yake yote kama mfungwa, kwa maana wengi wao jembe ndilo litakalowalisha. Maneno hayo niliyasikia kwenye kikao cha wazazi na sijayasahau. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe mahali pa kufikiri na kuamua, wanafunzi wapange na waone matokeo ya walichopanga. Katika shule nyingi mno limegeuzwa kuwa mahali pa kumalizia hasira. Ninyi mna uwezo wa kulikataza hilo kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Mtauliza matokeo. Wapo waliosoma kwake wakafika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na wapo walioajiriwa ugani katika mikoa mingine. Tunajivunia. Lakini kipimo changu mimi ni wale ambao mtihani uliwakataa. Kijana aliyepata sifuri Kidato cha Nne akarudi nyumbani, katika vijiji vingi ndiyo mwisho wa habari zake. Kwetu yuko mmoja aliyeanza kwa kukodisha turubai, sasa ana mashine ya kupukuchua, anapita nyumba kwa nyumba wakati wa mavuno, na mahindi anayokusanya hayagandishi chumvi kwenye chupa. Wanunuzi wa soko la Kibaigwa wameanza kuuliza mzigo wake. Cheti chake kinasema hajui kitu. Mwalimu wake anajua anachokijua, na sisi wateja wake tunajua.

Tulifurahi kusikia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na tulifurahi zaidi mkondo wa amali ulipoanza Kidato cha Kwanza Januari 2024. Kilimo kuwa amali, kijana akamaliza shule na ujuzi mkononi, hilo ndilo tulilolitaka. Ila naomba niseme wazi ninachokihofia. Kuna shule moja ya jirani, sitaitaja, iliyokuwa na shamba zuri kuliko letu. Mwalimu wake alihamishwa katikati ya muhula. Nafasi ilikaa wazi, kisha somo likashikwa na mwalimu wa fani nyingine aliyelifundisha ubaoni kwa moyo wake wote, maskini, bila kuwahi kushika jembe katika udongo ule. Msimu wa pili shamba lilikodishwa kwa mtu ili shule ipate fedha za chaki. Makinga maji yakalimwa. Wazazi waliokuwa wakijifunza kando ya uzio wakaacha kupita. Hakuna aliyekusudia ubaya, na bado kazi ya miaka ilipotea katika misimu miwili.

Anachokijua mwalimu wetu hakimo kwenye muhtasari wa somo. Ana kipima mvua na daftari ambamo kila mvua imeandikwa tangu alipofika. Anajua kona ya shamba inayotuamisha maji na kona inayokauka kwanza. Anajua mbegu ipi ilinunuliwa kwa bei kubwa ikashindwa, na ipi ya mtama iliwahi kukomaa kabla ya ndege. Anajua mzee gani anaazima maksai na kwa masharti gani, nyumba ipi mtoto hawezi kuja Jumamosi kwa sababu anachunga, kikundi kipi kiligombana na kwa nini. Daftari linaweza kukabidhiwa kwa dakika moja. Hayo mengine hukabidhiwa kwa kutembea pamoja, mvua ikinyesha na mvua ikikatika.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, pamoja na ombi letu la mrithi, tunaomba mwalimu wa Kilimo popote alipo ahesabiwe kuwa kazini Desemba na Juni, alipwe kwa siku hizo au apewe likizo yake wakati mwingine wa mwaka. Tunaomba mapato ya shamba la shule yarudi kwanza shambani kununua mbegu na vifaa kabla hayajaenda kwingine. Na tunaomba Wizara ya Kilimo imtambue. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki, na wa kwetu anajitahidi, lakini ana vijiji vingi na nyumba hazihesabiki. Mwalimu ana watoto kutoka karibu kila nyumba. Wawili hawa wako chini ya halmashauri moja, idara mbili, na wamekuwa wakikutana kwa urafiki wao tu. Waandikiwe kukutana. Mbegu mpya zikitoka vituo vya utafiti, pakiti moja ipitie shamba la shule, wazazi tuione ikiota kabla hatujaambiwa tuinunue.

Gharama ya ombi la kwanza ni mishahara ya walimu wawili wa somo moja katika shule moja kwa miezi kumi. Najua idadi ya shule na najua bajeti ina mipaka. Anzeni na shule zenye mkondo wa amali ambako mwalimu wa Kilimo anakaribia kustaafu. Orodha ya tarehe zao za kuzaliwa mnayo.

Kwa upande wetu, mkutano wa kijiji umekubali kumpa mrithi nyumba ya vyumba viwili iliyo karibu na shule, na ekari moja ya kulima chakula chake. Paa limekwisha kurekebishwa. Mwalimu mwenyewe amesema atabaki kuishi hapa baada ya kustaafu, lakini hataki, na sisi hatutaki, iwe lazima aitwe shambani akiwa mstaafu kwa sababu hakuna mwingine. Kusafisha shamba la shule kunaanza wiki ya pili ya Oktoba. Tunaomba barua ya uhamisho au ya ajira mpya iwe imefika kwa mkuu wa shule kabla ya hapo, na kama haiwezekani, tunaomba tujibiwe kupitia ofisi ya mtendaji wa kata ili tujue wa kumfuata.

Mzazi na mkulima,
Kondoa, Dodoma